Upande wa Kushoto wa Loretta

Siku ya maonyesho ya ndege mjini Hamilton, Noreen Pawluk alisimama kwenye uzio amefumba macho. Watu walibanana kila upande, harufu ya mafuta ya ndege imechanganyika na ya vitunguu vya kukaanga, na yeye, ndani ya koti lake la jinzi lililopauka na kitambaa chekundu kichwani, alikuwa akisikiliza tu. Hata miwani ameiweka mfukoni, na kazi yake yeye ni kuuza miwani.

"Spitfire hiyo," ilisema sauti ya kiume kando yake.

"Wapi! Mustang," Noreen alijibu bila kufumbua macho. "Sikiliza huo mluzi. Spitfire hapigi mluzi namna hiyo."

Ndege ikapita juu yao. Mustang kweli. Watu wakageuka kumtazama jamaa, naye akacheka hadi masikio yakamwiva.

"Umeniumbua mbele za watu, bibie."

"Umejiumbua mwenyewe. Ninunulie kahawa, nitakusamehe."

Alikuwa mrefu, shati la bluu amelikunja hadi kwenye viwiko, mikono ya fundi. Akasema anaitwa Curtis Vandermeer, fundi wa lifti.

"Curtis yenye s moja au mbili?"

"Moja. Mbili ni za kile kiwanda cha ndege."

"Pole. Ungekuwa nazo mbili ningekubali unioe leo leo."

Kwa watu wa uzio ule, habari za kazi na za ukoo si hoja. La kwanza ni ndege uipendayo, na jibu lako ndilo watakalokupimia. Curtis alisema Lysander.

"Lile dubwana la miguu ya bata?"

"Linatua hata kwenye shamba la viazi! Haya, wewe?"

"Beech 18. Injini mbili, mikia miwili. Chama chetu cha wapenda ndege za zamani tulikuwa naye mmoja, Gladys. Akazeeka, akashindwa, tukamgawa vipuri. Nililia kama mtoto. Lakini injini yake moja inaruka Manitoba mpaka leo."

Hivyo ndivyo wanavyosema watu hawa. Kila ndege ana jina la mwanamke, na husemwa kama mtu: leo kaamka vibaya, leo anakohoa, leo kagoma. Ukiwasikia kwenye basi utadhani wana wagonjwa nyumbani.

Wakati huo huo Lancaster akawasha injini zake zote nne, na hapo ndipo mambo yalipokorogeka. Curtis aliinama, akapiga kelele sikioni mwa Noreen: "Nina Loretta, mama yangu wa kambo, yuko hospitali! Kapata kiharusi, upande wote wa kushoto umekufa!" Kilichomfikia Noreen ni "Loretta" na "upande wa kushoto umekufa." Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Wa mwaka gani?" alipiga kelele.

"Arobaini na sita!"

"Wagumu hao! Atarudi tu!"

Curtis alimpenda kuanzia neno hilo.

Kiangazi chote walikuwa pamoja. Jioni walikaa juu ya boneti ya gari la Curtis wakila chipsi za jibini na mchuzi, wakibishania ndege. Noreen alikuja na magauni ambayo hayakuwa ya kukalia boneti, Curtis akawa anamtandikia sweta. Walipokosa kuonana, simu.

"Uko wapi, mpenzi wangu?"

"Ndio natoka kwa Loretta."

"Anaendeleaje mgonjwa wetu?"

"Leo tumemsimamisha! Kasimama mwenyewe, ila mguu mmoja unalegea."

"Muwe naye makini, asije akaanguka akavunja bawa."

Curtis akacheka kwenye simu. Aliona ni tamu hiyo, kuuita mkono wa mgonjwa bawa. Loretta alimchukua Curtis akiwa na miaka sita, na baba yake alipofariki akabaki naye, wakati hakuna sheria wala damu iliyomlazimisha. Hakuwahi kumwita mama, alimwita Loretta tu. Na Noreen hakuwahi kuomba kupelekwa kumwona, maana kwa watu wa uzio si adabu kuomba kuoneshwa ndege ya mtu iliyoharibika. Unasubiri mwenyewe akualike. Curtis naye alisubiri Noreen aseme, "Nipeleke." Basi wakasubiriana.

Majani yalipoanza kudondoka, Curtis alipiga simu mchana, saa za kazi. Noreen alikuwa dukani King Street, mteja amesimama mbele ya kioo akijaribu fremu.

"Noreen, nataka unishauri. Ukweli wako wote."

"Sema, mpenzi."

"Ni Loretta. Wataalamu wanasema upande wa kushoto haurudi tena. Naweza kumwacha huko huko, au nimlete kwangu. Kumleta ni kazi ya kila siku, na kwangu unapajua, padogo. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Noreen akamkumbuka Gladys, na miaka waliyopoteza wakijidanganya. Hakutaka mtu anayempenda apitie njia hiyo.

"Curtis, nisikilize. Usimtese, wala usijitese. Mtoeni vile ambavyo bado vinafaa, wapewe wengine wanaovihitaji. Kitakachobaki kiacheni kipumzike kwenye nyasi. Sisi si tulifanya hivyo kwa Gladys?"



"Unamfananisha Loretta na Gladys?"

"Kwani wana tofauti gani?"

Simu ikakatwa.

Kuanzia hapo Curtis hakupokea simu yake. Noreen alipiga, akatuma ujumbe, akaenda kwenye uzio akakaa peke yake hadi baridi ikamtoa. Alikonda. Shoga yake wa dukani, Phyllis, alimwangalia siku kadhaa, mwishowe uvumilivu ukamwisha.

"Shoga, mwanaume kakununia kwa ajili ya ndege?"

"Si ndege tu. Ni ndege *yake*. Kaniuliza kama kuna tumaini, mimi nikamwambia amkatekate. Wewe ungepokea simu yangu?"

"Mimi? Ningefurahi nimepona. Tafuta mwenye mashua."

Noreen hakutaka mwenye mashua. Alimtaka Curtis, na aliona kabisa kwamba anamkosa kwa ulimi wake mwenyewe. Basi akafanya kile ambacho mtu wa uzio hufanya akitaka kuomba radhi: alitafuta kipuri. Aliwapigia wenzake wa chama mmoja mmoja mpaka akampata mzee wa Brantford aliyekuwa na silinda ya Gladys imekaa gereji, nzima. Akaifuata. Jumamosi asubuhi akavaa gauni la kijani, buti ndefu na rangi ya mdomo, akaizungushia silinda taulo la kuogea na kupanda nayo Mlimani, mtaa anaoishi Curtis.

Mlangoni palikuwa na njia mpya ya mbao, ya mteremko, badala ya ngazi. Noreen hakuitilia maanani, mzigo ulikuwa unamkata mikono. Curtis akafungua. Hakutabasamu.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kuomba radhi. Sikupaswa kusema avunjwe. Kama wewe unamtaka, basi na mimi namtaka. Nimemletea Loretta silinda."

"Umemletea nini?"

"Silinda. Ya injini ya kushoto. Yuko banda gani? Twende tukaifunge."

Curtis alilitazama taulo, akamtazama yeye, mdomo wazi. Kutoka ndani ikaja sauti ya kike, nzito, inayoburuta maneno.

"Nani huyo, Curt?"

"Ni... ni Noreen, Loretta."

"Aaa! Yule wa vipuri. Mlete nimwone sura."

Noreen alichungulia. Mezani, mbele ya bakuli la supu, alikaa mwanamke mzee kwenye kiti cha magurudumu, sweta la zambarau, nywele zimechanwa vizuri, mkono wa kushoto umelala mapajani. Maneno yote ya kwenye simu yakamrudia Noreen kwa pamoja, mguu unaolegea, bawa, nyasi. Akakaa pale pale kizingitini na silinda yake.

"Nilidhani ni ndege," alisema.

"Nani?"

"Loretta. Tangu siku ile ya kwanza. Lancaster alikuwa ananguruma, sikukusikia vizuri. Curtis, uliposema upande wa kushoto, nilidhani ni injini ya Beech!" Akaanza kulia, wanja ukamtiririka. "Mama, nisamehe. Naapa nilidhani wewe ni ndege."

Curtis akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Alipogeuka tena macho yalikuwa na machozi, na bado alikuwa anacheka.

"Kwa hiyo wa arobaini na sita ni wagumu..."

"Nilimaanisha bati lake!"

"Hebu lete hicho kitu," Loretta alisema. Akawekewa mapajani, akakipapasa kwa mkono wa kulia, taratibu. "Cha upande gani?"

"Wa kushoto, mama."

"Umechelewa kidogo, mwanangu. Lakini wengine walileta maua tu."

Curtis alichuchumaa mbele ya Noreen, akamfuta uso kwa kona ya taulo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anazungumzia lifti.

"Siku ile ya simu sikuwa nauliza habari za hospitali. Nilikuwa nakuuliza kama utakuja kuishi na sisi. Niyameze maneno yangu au nirudie?"

"Rudia. Sasa hivi hakuna injini."

"Haponi zaidi ya hapa. Kumnyanyua, kumwogesha, kumlisha, ni kila siku. Mimi nakutaka, ila hatuji mmoja mmoja. Utatuchukua?"

Noreen alinyanyuka, akaitoa silinda mapajani mwa Loretta na kuiweka sakafuni. Akavua koti. Kisha akavuta kiti, akakaa kushoto kwa Loretta na kuushika ule mkono uliolala.

"Huo hausikii kitu, usijisumbue," Loretta alisema. "Njoo huku kulia."

"Kulia atakaa Curtis," Noreen alisema. "Huku ni kwangu."