Ukuta Ulioomba Maji

Mke alikuwa akimkata mumewe kucha, mikono yote miwili ya mgonjwa imo mapajani mwake, aliposikia ukuta wa kichwani mwa kitanda ukigonga: *maji*.

Mzee Simu, kama mtaa ulivyomwita, alikula mshahara wa kupeleka simu za Morse, zile za kugongagonga, mpaka akastaafu. Kiharusi kilipomwangusha kilimwachia kidole kimoja tu. Bahati yake, enzi za uchumba alimfundisha mkewe alama zile, apate kumtongoza mbele ya baba mkwe bila kuchapwa. Basi kidole kiligonga kwa fupi, kikakwaruza kwa ndefu: maji, nigeuze, funga dirisha, mkwe wako anaimba vibaya. Ulimi ulikufa, ujeuri ukabaki.

Sasa kidole kimelala, ukuta ndio wenye kiu.

"Mama, umesikia?" mkwe akanong'ona mlangoni.

"Mimi si kiziwi. Shusha sauti."

Chumba kikanuka jivu lililomwagiwa maji. Ukuta ukagonga tena: *nitoe, ni mimi*. Kitandani mgonjwa alimkazia mkewe macho bila kupepesa, na mdomo wake uliopinda ulianza kunyooka.

"Jini linamwiga baba," mkwe akasema. "Nakwenda kwa mganga."

Mke hakumzuia. Nani aamini ukuta, amwache mume?

Mganga alikuja na nyundo na misumari mirefu. Akabandika kiganja ukutani. "Limo humu. Nikizamisha msumari wa mwisho, mama, halitoki tena. Nipige?"

"Piga."

Akapiga, na kila nyundo iliposhuka ukuta ukajibu, kwanza kwa maneno ya kila siku, maji, nigeuze, umeamkaje, kama mtu anayetoa vitambulisho vyake vyote mlangoni pa askari, kisha mbio mbio, fupi na ndefu zikipandana, mzuie, mzuie, ni mimi mke wangu, ni mimi, mpaka msumari wa mwisho ukazama na sauti ikakatika katikati ya neno.

Mgonjwa akaketi. "Nina njaa," akasema, kwa sauti ya mumewe hasa.

Mkwe akalia kwa furaha. Mganga akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Mke akagonga ubao wa kitanda kwa ukucha: *pole, mume wangu*.

Mume akakitazama kile kidole kama anayetazama mdudu. "Unakwaruza nini?"

"Hujanielewa?"

"Kuna cha kuelewa?"

Mke akaupapasa ukuta, misumari imezama yote, hakuna hata kichwa cha kushika. Akageuka amkimbilie mganga. Mkono ukamdaka kifundo, mkono ambao jana haukuweza kijiko.

"Mwanangu, usiondoke!" mke akamwita mkwe.

"Aa, mama, wacha haya! Nawaachia nafasi," mkwe akacheka, akaufunga mlango kwa nje.

"Panda," mume akasema, akisogea. "Leo wewe lala upande wa ukuta."