Nyumba Pembeni ya Antena

"Mwikwabe, umeweka nini pale shambani?"

Simu ya Nyamburi ilinikuta juu ya kenchi, misumari mdomoni. Nikaitema. Nilitaka iwe siri mpaka aje aone mwenyewe, lakini kwa huyu mwanamke siri haikai. Yuko Musoma mjini, mimi niko Nyamuswa, na ameshajua.

"Nimeezeka nyumba yetu. Mabati mapya matupu."

Hakunipongeza.

"Shuka. Usigonge hata msumari mmoja. Nakuja."

Niwaeleze, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Mchumba wangu ni daktari, ila si wa kutibu watu. Alishamaliza shahada ya uzamivu, sasa yuko kwenye utafiti unaofuata baada ya hapo. Shambani kwangu amesimika antena juu ya nguzo ya zege, inapokea mawimbi ya setilaiti. Mawimbi yakipita kwenye hewa yenye mvuke mwingi yanachelewa kidogo sana, na kwa kuchelewa huko anapima mvuke ulioko angani. Miaka miwili kila tunachopanga kinaahirishwa kwa sababu ya mawimbi.

Na baba yake mdogo, mzee Matiko wa Butiama aliyemlea, alinipa sharti lake: hazungumzi mahari mpaka aone nyumba ya bati. Jumamosi alikuwa anakuja kukagua. Nami kwa akili zangu nikajenga hatua kumi tu kutoka kwenye antena, mke wangu awe karibu na kazi yake.

Alifika na bodaboda, hata salamu hakutoa. Akanieleza kwamba bati linarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga, kwa hiyo antena inapokea ya angani na ya paani kwangu, na vipimo vyake vyote tangu juzi vimevurugika. Nikamwambia aihamishe. Akasema vipimo vya miaka miwili vina maana tu kama antena haijasogea hata unene wa kidole.

"Kwa hiyo niezue? Mzee wako anakuja keshokutwa, Nyamburi. Nimechoka. Mimi na hicho kidude, chagua."

"Unajua kwa nini niliomba mkataba mwingine hapa?"

"Kazi."

"Kazi walishanipa Ulaya, nikaikataa. Hicho kidude unachokitukana ndicho kinachonibakiza Mara. Kikiharibika, naondoka. Ila wewe huulizagi. Unaezekaga tu."

Akapanda bodaboda yake. Nikabaki na hasira, na safari hii nilijikasirikia mwenyewe.

Ijumaa nzima niling'oa mabati, moja moja, majirani wakinicheka. Jioni nikamwandikia: "Nimeyatoa yote. Mzee akinikataa, anikatae."

Akajibu: "Vipimo vimetulia."

Basi. Maneno mawili. Nilitamani kuitupa simu.

Jumamosi mzee Matiko akaja na wazee wenzake wawili, koti limenyooshwa, Nyamburi nyuma yao. Akaingia sebuleni, akainua uso, akakutana na mawingu.

"Hii ndiyo nyumba?"

Kabla sijafungua mdomo, Nyamburi akasogea mbele, kitu ambacho binti hafanyi wazee wakiwa wamekuja kwa shughuli kama ile.

"Baba, ilikuwa na mabati. Ameyatoa kwa sababu yalikuwa yanaisumbua mashine yangu ya kazi, na alijua utamkataa. Mimi namtaka huyu. Ukimkataa yeye, umenikataa mimi."

Miaka miwili sijawahi kumsikia akitamka kwamba ananitaka, na siku ya kwanza anatamka mbele ya wazee.

Mzee aliitazama antena kupitia dirishani. Kisha akauliza kama nyasi nazo zinaisumbua ile mashine. Nyamburi akasema nyasi hazina shida.

"Nani hapa anajua kuezeka nyasi?"

Tukatazamana mimi na Nyamburi. Hakuna aliyejua.

Mzee akavua koti, akampa Nyamburi amshikie.

"Leta ngazi, mkwe, tupime. Mahari tutaongelea huko huko juu."