Loshoro ya Daraja Mbili

Ndugu zangu, leo nawaeleza habari za majirani zangu wa hapa Lemara, Arusha. Ruhusa yao ninayo, kwa hiyo asije mtu kuniita mmbea.

Asubuhi za nyumba ile zilikuwa tulivu. Thomasi alipanda Nkoaranga, kwenye miteremko ya Meru, kwa pikipiki kuchukua maziwa kwa Mama Elirehema, mfugaji mwenye ng'ombe wachache nyuma ya migomba yake. Mkewe, Evaresta, aliyachemsha, akayapoza, akayagandisha kwa kutia mgando kidogo wa jana. Mgando huo aliuchanganya na mahindi laini yaliyokobolewa, ikawa loshoro, akaiuza kwenye kibanda cha kupanga pale Daraja Mbili kwa mafundi wa gereji. Kodi, ada za watoto, dawa za mama mkwe, vyote vilitoka kwenye sufuria ile.

Mchaga kama Evaresta anauza chakula cha Waarusha, na Waarusha wenyewe wanapanga foleni. Mnadhani ni dawa ya mganga? Ni kutokosa tu. Mvua inyeshe isinyeshe, Evaresta yupo.

Desemba ikaingia, na mnajua Desemba inavyowafanya watu wa Kilimanjaro.

"Mwaka huu tunakwenda kwetu Rombo mapema," Thomasi akasema. "Tutarudi mwisho wa Januari."

"Baba Hans, na wateja?" Evaresta akauliza.

"Watasubiri. Kwani wataenda wapi?"

"Twende Krismasi, tukae siku chache, turudi."

"Niondoke nyama ikiwa bado jikoni? Ndugu zangu watasema nimekuwa mtumwa wa loshoro!"

Nilikuwepo, nikaona ninyamaze kwa nini. "Shemeji, tumbo la fundi halina likizo."

Akacheka. "Haya, mama diploma ameanza." Ndivyo anavyoniita kwa kuwa nilisoma chuo.

Mama Elirehema naye alimwambia, "Ng'ombe wangu hawaendi Rombo, baba. Maziwa niyamwage?" Thomasi akamjibu kwamba wataongea akirudi. Wakafunga kibanda bila kumwambia mteja hata mmoja, wakaondoka.

Huko mbuzi walichinjwa, mbege, ile pombe ya ndizi, ikanywewa, Thomasi akasifiwa na ukoo mzima. Sisemi kwenda nyumbani ni kosa. Mimi pia huenda. Lakini waliporudi, mgando wa mbegu, ule wa kugandishia, ulikuwa umeoza ndani ya ndoo, na maziwa ya Mama Elirehema yalikuwa na mnunuzi mwingine. Thomasi akanunua kwa wachuuzi wa barabarani, maziwa mepesi yaliyokwisha kuongezwa maji. Evaresta akapika hivyo hivyo kwa aibu.

Sankale, fundi wa breki, akaonja kijiko kimoja. "Mama Hans, hii umepika au umesuuza sufuria?"

Wenzake wakaangua kicheko. Sankale akasukuma sahani. "Siku hizi tunakula kwa yule wa chapati. Yule tunajua yupo."

Neno hilo lilimchoma Evaresta kuliko kicheko. Februari dawa za mama mkwe zikakatika, na mwenye kibanda akasema kodi isipopatikana anamweka mtu mwingine. Hapo ndipo walipofika, ndugu zangu. Kibanda kikienda, nyumba nzima haina pa kushika.

Evaresta hakupiga kelele. "Baba Hans, sikulaumu kwenda kwenu. Nakulaumu kusema watasubiri. Panda Nkoaranga ukaombe. Mimi nitakaa kibandani hata nikiuza sahani moja."

Thomasi akapanda. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe njia hujaisahau?"

Akaomba radhi akiwa amesimama. Mama Elirehema alimwacha asimame kitambo.

"Yule mnunuzi nimempa neno langu, sitalivunja," akasema. "Ila yuko ng'ombe mmoja aliyezaa Januari. Maziwa yake si mengi. Ukikosa asubuhi moja tu, nayaacha kwa ndama wake."

Kisha akaingia ndani, akamtilia mgando wa mbegu kutoka kwenye kibuyu chake. Bure. Mimi nikikumbuka hapo namshukuru Mungu kwa mama yule.

Masika yakaanza. Njia za Nkoaranga zikawa kama sabuni, pikipiki haipandi. Thomasi aliiacha chini barabarani, akapanda kwa miguu, akashuka na dumu begani. Nilimwona akirudi ametapakaa matope hadi masikioni. Nilimcheka, kusema kweli, lakini hakukosa. Evaresta naye alipika sufuria ndogo, nzito, asiongeze maji hata watu walipopungua. Kodi walilipa kidogo kidogo, na mwenye kibanda, alipoona wanalipa bila kukimbizana, akatulia.

Kabla mvua hazijakatika, Sankale akapita.

"Leo ipo?"

"Ipo."

"Na kesho?"

"Na kesho."

Akaketi. Baada ya siku chache akaja na gereji nzima, na sufuria ndogo haikutosha tena. Krismasi iliyofuata walikwenda Rombo kwa zamu, dada yake Evaresta akishika mwiko, na wateja waliambiwa mapema. Kabla ya safari, Thomasi alimpelekea Mama Elirehema kitenge na mchele. Mama akauliza, "Vya nini hivi?" Thomasi akakinyooshea kidole kile kibuyu cha mgando, machozi yakimlengalenga.

FUNZO

Biashara ndogo hukua kwa kuonekana pale pale, na ubora ule ule, hata siku usiyojisikia. Mteja hadai sifa, anadai akukute. Ukisafiri, aga na uache mtu. Ukikosea, rudi mapema ukaombe radhi, anza na kidogo ulicho nacho. Na aliyekushika mkono ulipoteleza, mshukuru angali hai akusikie.