Sifa za Kipa Mwingine

Siku walipokutana, Komeo alikuwa amepeleka simu yake kutengenezwa, na ukumbi wa mafundi simu ulikuwa umejaa watu mpaka mlangoni. Huyu anasukuma, yule anaita, redio zinashindana kwa kelele. Katikati ya vurugu hiyo akasikia sauti ya mwanamke nyuma yake ikimwambia fundi kwamba bei hiyo amtafutie mgeni wa mjini. Komeo alisisimka. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyotangaza mechi zake redioni msimu mzima.

Akageuka. Mwanamke alikuwa amevaa gauni la rangi ya haradali lililomkaa sawasawa, hereni kubwa za duara, na kilemba alichokifunga harakaharaka lakini kikampendeza.

"Wewe ndiye uliyesema natoka golini kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu jikoni," Komeo akamwambia.

Mtangazaji akamtazama kuanzia viatu, akapandisha macho taratibu kwenye suti ya mazoezi, kisha akayashusha hadi kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilichopinda kwa kuvunjika mara kwa mara.

"Kwani hukutoka hivyo?" akauliza.

Komeo alicheka mpaka fundi akainua kichwa. Kwa wasiomjua, huyu alikuwa kipa namba moja wa timu kubwa ya mjini, na jina la Komeo alipewa na mashabiki kwa sababu akiwa langoni, mlango umefungwa. Alizoea kusifiwa na watu asiowajua. Kutaniwa na mwanamke mrembo mbele ya kadamnasi lilikuwa jambo jipya kwake, na lilimnogea. Walitoka pale wamepeana namba. Simu zikaanza, za asubuhi kabla ya mazoezi, za mchana zisizo na sababu, na msimu ulipokwisha hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kama ni wapenzi.

Isipokuwa bosi wa mtangazaji, mhariri wa michezo. Alimwita ofisini akamwambia kwamba hana ugomvi na mapenzi, ila redio ni ya wasikilizaji. Siku atakayomsikia akimpamba mpenzi wake hewani, atamhamishia kwenye utabiri wa hali ya hewa. Mtangazaji alikuwa ameipigania kazi ile kufa na kupona, na walikuwapo wanaume wengi pale ndani waliokuwa wakisubiri ateleze. Kwa hiyo alimweleza Komeo wazi: kuanzia sasa, akimtangaza yeye, atasema kilichotokea tu. Kipa amedaka. Kipa amefungwa. Basi.

Komeo alikubali papo hapo, kama mtu anayenunua kiatu bila kukijaribu.

Kumbe kilikuwa kinabana. Kila baada ya mechi, ndani ya basi la timu, alikuwa akivaa visikilizio na kutafuta rekodi ya matangazo. Siku moja alikuwa ametoka kuokoa mpira uliokuwa unaingia kwenye pembe ya juu, mwili mzima hewani, uwanja umesimama. Kwenye rekodi alisikia, "Kipa ameutoa. Kona." Kisha alitafuta mechi za Sumaku, kipa wa timu pinzani, na huko mtangazaji yuleyule alikuwa akimwaga maneno bila kujizuia: Sumaku mrefu, Sumaku mwepesi, Sumaku mwenye mikono laini inayoupokea mpira kama mtoto mchanga.

Mikono laini. Hilo lilimkaa Komeo kooni wiki nzima. Alijiuliza ulaini wenyewe mtangazaji ameujulia wapi. Alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, alijua ni upuuzi, na alizidi kujiuliza.

Jumapili moja alasiri walikuwa nyumbani kwa mtangazaji, yeye anapiga pasi magauni yake ya wiki, Komeo amejinyoosha kwenye kochi, simu ikaita. Mtangazaji aliipokea, akasikiliza, akaangua kicheko hadi akaiweka pasi kando.

"Nani huyo?" Komeo akauliza alipokata.

"Sumaku. Anashukuru kwa sifa za jana."

"Ana namba yako?"

"Makipa wote wanayo, mpenzi. Nitajuaje nani ameumia? Ni kazi."

"Na kucheka vile nako ni kazi?"

"Nimecheka kwa sababu mkewe amempiga marufuku kunisikiliza."

Komeo hakucheka. Aliona mke wa Sumaku ni mtu mwenye busara sana.

Baada ya hapo timu hizo mbili zikakutana. Sumaku upande ule, Komeo upande huu, mtangazaji juu kwenye kibanda chake. Kipindi cha pili ulikuja mpira mwepesi, wa kifuani, ambao hata mtoto angeukumbatia. Lakini mpira wa kifuani hausifiwi na mtu. Komeo alipiga hatua pembeni makusudi ili apate nafasi ya kuruka, akaruka, akapendeza kweli, na mpira ukamponyoka vidoleni. Mshambuliaji wa timu ya Sumaku alikuwa hatua chache kutoka hapo. Timu ya Komeo ikafungwa, na mechi ikaisha hivyo.

Walikutana kwenye korido ya uwanjani, Komeo bado na matope magotini. Alikuwa ameshaisikiliza rekodi.

"Umesema ni kosa la kipa," akamwambia. "Ungeshindwa kusema mpira ulidunda vibaya?"

"Haukudunda. Ulikuja kifuani."

"Angekuwa Sumaku ungedunda."

Mtangazaji alikuwa amemtazama akicheza kwa misimu miwili na hakuwahi kumwona akiurukia mpira wa kifuani. "Uliruka kwa ajili ya nani?" akauliza.

Komeo akainamisha macho kwenye matope ya magotini, na hilo likamjibu.

"Umeifungisha timu yako ili mimi nikusifie?" Macho yalimjaa machozi ya hasira. "Usinipigie simu."

Kocha naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema anayetaka kurukaruka akatafute sarakasi, akamtoa kikosini na kumweka kipa wa akiba. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, wenzake wakiwa uwanjani, Komeo alikuwa nyumbani kwa mama yake, amekaa kwenye kigoda, na mama anachambua mchele redio ikiwa pembeni. Alitaka kuizima. Mama alimpiga kofi mkononi.

Mtangazaji alikuwa anatiririka. Kipa wa akiba alipodaka, alimsifu. Komeo akahisi wivu unamkaba upya, safari hii kwa mtu aliyechukua nafasi yake.

"Leo anatangaza vizuri," mama akasema. "Ukiwa wewe golini huwa anakatikakatika."

"Anakatika vipi?"

"Mpira ukija upande wako, hewani kimya. Nasikia kelele za watu tu. Nikajua redio imeharibika, nikaipeleka kwa fundi. Fundi akaniambia, mama, redio ni nzima, ni huyo binti ndiye anayebana pumzi." Akapuliza makapi. "Hao wengine anawatangaza, mwanangu. Wewe anakuogopea."

Komeo alisikiliza mchezo hadi mwisho bila kusikia kitu. Aliona aibu. Rekodi zile amezisikiliza kuliko mtu yeyote, na alikuwa anahesabu sifa tu.

Jumatatu asubuhi alikwenda redioni. Mtangazaji alikuwa peke yake studioni, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, macho yamevimba kidogo. Hakumkaribisha kiti.

"Nilikuwa na wivu," Komeo akasema. "Kwa Sumaku, kwa kila mtu uliyempa neno zuri. Nimekukosea, na timu nimeikosea. Nisamehe."

"Wewe ndiye wa kuona wivu?" Sauti yake, ile iliyozoea kuujaza mji mzima, ilikuwa ndogo. "Uwanja mzima unaimba jina lako. Wasichana wameliandika kwenye fulana. Ninayekupenda kuliko wote ni mimi, na ni mimi peke yangu niliyekatazwa kushangilia. Unajua inavyoniuma?"

Hakujua. Haikuwahi kumpitia akilini.

Mtangazaji alihakikisha kipaza sauti kimezimwa, akafunga mlango. Kisha akaanza kumtangaza. Ile ya mechi ya kombe, kwa mkono mmoja. Ile ya mvua. Penalti aliyoipangua kwa mguu. Alizikumbuka zote, na alizitangaza kwa sauti yake kamili, mishipa ya shingo imemsimama, bila kubakiza hata neno moja. Komeo alijikuta amekaa chini na machozi yanamtoka.

"Na ile ya mwisho," mtangazaji akamalizia, anahema, "kipa alijipamba, akatuangusha."

"Kweli tupu," Komeo akasema. Akamshika mkono. "Nataka tuoane."

"Ukifungwa kizembe nitasema, hata nikiwa na pete."

"Sema."

"Na Sumaku akidaka vizuri nitamsifu."

Nafasi ya Komeo kikosini bado ilikuwa ya mwingine, wivu bado ulikuwa palepale kifuani, na kidole chake kilichopinda kilikuwa ndani ya kiganja cha mwanamke huyu.

"Msifu," akasema. "Nitaumia, halafu nitakuja nyumbani."