Gari Lililolala Nairobi

UTENDE. SAA TISA ALASIRI. SIKU SITA KABLA.

Stoo ya Haruni ilinuka petroli na nyavu mbichi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Wanaume wanne walikaa juu ya madumu, na wote isipokuwa Wilbrod walikuwa wamefunga. Kupanga wizi na saumu kinywani! Sudi aliliwaza hilo, akaona haya, akalisukuma kando.

"Gari linaingia jioni," alisema Haruni. "Linalala. Asubuhi linatoka. Basi."

Hakuna bunduki. Hakuna kuvunja geti. Jengo liko katikati ya Nairobi, maegesho yake chini ya ardhi. Anayetaka gari lake lilale pale analipa, anamwachia mlinzi ufunguo, anakwenda zake. Saa tatu usiku geti linafungwa. Wilbrod alikuwa amefanya usafi humo kwa muda wa miaka sita, kabla ya kuja kufungua duka la vifaa vya shule Kilindoni. Alilijua jengo lile mpaka vyoo vyake.

"Ofisi ya mnunuzi iko ghorofa ya pili," alisema Wilbrod. "Ngazi za kutoka chini hazifungwi. Kabati la mbao, kufuli la kawaida. Mwenyewe amesafiri, harudi mpaka Idi ipite."

Ndani ya kabati kulikuwa na ambari, ile nta ya nyangumi inayotiwa kwenye manukato ya bei, kipande kikubwa kuliko nazi iliyofuliwa. Mzee Mfaume wa hapo kisiwani alikiokota ufukweni Bweni bila kujua ni nini. Mnunuzi alikichukua kwa magunia mawili ya mchele, na huko kinakokwenda kingejenga nyumba ya ghorofa. Haruni alipenda kusema wanairudisha mali ya kisiwa. Mzee Mfaume atapata nini, hakusema. Hakuna aliyemuuliza.

"Ndani ya buti nakaa mimi," alisema Mudrik.

Mudrik alikuwa mzamiaji wa majongoo bahari, mwembamba, mtu wa maneno machache. Alikuwa pia mume wa Umi, dada yake Sudi.

"Utaweza?" aliuliza Haruni.

"Nakaa chini ya maji bila hewa. Nitashindwa kukaa kwenye buti lenye hewa?"

Walicheka. Haruni hakucheka.

"Simu zenu zote nazishika mimi. Sudi, wewe dereva, gari unakodi kwa pasipoti yako. Na usizungumze na mlinzi! Toa ufunguo, ondoka. Mdomo wako huo wa kumwamkia kila mtu uache huku huku."

Jioni ile Umi alimshika kaka yake mkono mlangoni. "Kaka, mnakwenda wapi na mume wangu?"

"Dar. Kuangalia mashine ya boti."

"Mwezi mtukufu huu?"

"Nitakurudishia mwenyewe, kwa mkono wangu," alisema Sudi. Aliyasema macho makavu, na hapo ndipo dhambi yake ilipoanzia, si Nairobi.

NAIROBI. SAA KUMI NA MBILI NA ROBO JIONI.

Premio nyeupe ya kukodi iliingia polepole. Madereva walipiga honi nyuma ya Sudi kana kwamba amewaibia kitu tayari. Mji mkubwa, taa kila mahali, na Sudi amezoea barabara ambayo kizuizi chake ni ng'ombe. Alikuwa amevaa mashati mawili na bado alihisi baridi. Kwenye buti, Mudrik. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelegezwa, aweze kupumua na kutokea kwa ndani.

Mlinzi alikuwa mzee mrefu, koti limemzidi. Sudi alikumbuka agizo la Haruni. Kisha mdomo ukamtoka wenyewe.

"Shikamoo mzee."

Mzee alimtazama. Akacheka. "Marahaba! Tangu nikuje hii Nairobi hakuna mtu ameniamkia hivyo. Wewe ni wa Tanzania?"

"Naam. Gari linalala mpaka asubuhi."

"Peleka chini kabisa, kona ya mwisho. Ufunguo uniletee. Naitwa Guyo."

Sudi aliegesha kona ya mwisho. Aligonga kiti cha nyuma kwa vidole. "Shemeji?"

"Nipo. Nenda, usijishughulishe na mimi."

Alipopanda juu, adhana ilikuwa inasikika kutoka msikiti wa mbali. Mzee Guyo alikuwa ameshika chupa ya maji na kipande cha mkate mkavu, peke yake, kwenye benchi la geti. Kwao Utende mtu hafuturu peke yake. Ukimpita mfungaji bila kumkaribisha utasemwa mpaka mfungo mwingine. Sudi alivuka barabara, akanunua chai ya maziwa, sambusa na uji, akarudi. Wakala pamoja. Mzee aliomba dua ndefu kwa ajili yake, dua kwa mwizi, huku chini ya miguu yao Mudrik akifuturu tende mbili gizani.

Gesti waliyofikia ilikuwa ng'ambo ya barabara. Haruni alikuwa ameona yote dirishani.

"Nimekwambia nini mimi?"

"Alikuwa anafuturu peke yake, Haruni."

"Mjinga wewe! Sasa anakujua sura."

SAA KUMI NA MBILI NA NUSU ASUBUHI.

Mpango ulisema hivi: Mudrik atoke saa sita, apande ngazi, afungue kabati, arudi kwenye buti kabla ya saa kumi. Sudi hakuwa amelala. Aliosha uso, akavuka barabara.

Premio ilikuwa juu. Kando ya geti, imeelekea nje, imeoshwa, inang'aa.

Akaharakisha hatua.

"Nimekutolea!" alisema Mzee Guyo, amefurahi kweli. "Asubuhi magari ya hapa yanazibana hizo kona, ungekaa mpaka saa nne. Baada ya daku nikasema, huyu kijana alinipa futari, mimi nitampa nini? Nikaisogeza, nikaiosha."

"Ulilisogeza saa ngapi?"

"Saa kumi hivi. Kasoro kidogo."

Sudi alifungua buti, akajidai anaweka begi. Kitambaa. Chupa ya maji, nusu. Mtu hakuna. Bila shaka kufuli la kawaida lile lilikuwa limemchelewesha Mudrik, naye aliposhuka alikuta sakafu tupu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Haruni alikuwa amemrudishia ya kwake kwa kazi hii tu.

"Mbona hutoki?"

"Hayumo," alinong'ona Sudi. "Gari lilisogezwa. Yuko chini bado."

"Na ambari?" aliuliza Haruni.

"Nakwambia Mudrik hayumo!"

"Saa moja walinzi wa mchana wanaingia na mbwa. Toka sasa hivi."

"Na Mudrik?"

"Mudrik mtu mzima. Ukishuka, mnakamatwa wawili, na pasipoti ni yako. Mimi na Wilbrod tunaelekea stendi. Fanya utakavyo."

Haruni alikata simu.

Hapo ikasikika. Kutoka chini, kwenye bomba la chuma lililopanda ukutani: ko, ko. Kimya. Ko, ko.

Sudi aliijua sauti ile kuliko jina lake. Misimu minne alikuwa amekaa kwenye mtumbwi Mudrik akiwa chini. Mzamiaji akikaribia kutoka hugonga ubavu wa mtumbwi mara mbili: nipo, nipokee. Na wa juu haondoki. Hata pepo zichafuke, hata papa aonekane, wa juu haondoki mpaka wa chini ameibuka. Hilo halifundishwi, mtu huzaliwa nalo.

"Bomba la maji hilo, linapiga kelele," alisema Mzee Guyo. Kisha akamwangalia vizuri. "Rangi imekupotea. Umesahau kitu huko chini? Nenda uchukue, geti la ndani liko wazi. Mimi nakungoja."

Dakika tano zingetosha. Mzee angegeuza uso, angemwamini akisema lolote. Dakika tano, Mudrik chini ya kitambaa, na wote nyumbani.

Mtaani, pikipiki ya kampuni ya ulinzi ilikata kona. Nyuma yake gari dogo lenye tundu la mbwa.

Ko, ko.

"Hapana, mzee," alisema Sudi. "Sikusahau kitu."

Akaingia kwenye gari. Ufunguo ulikataa kuingia mara mbili. Mzee Guyo alimfungulia geti mwenyewe, akampungia, akamwambia Mungu akufikishe. Taa za kwanza zilikuwa nyekundu, na pale aliposimama alisikia mbwa wameanza kubweka. Alifunga vioo. Alilia mpaka ofisi ya kukodi magari, akarudisha gari safi, wakamsifu kwa usafi wake.

UTENDE. SAA NANE MCHANA. SIKU YA PILI YA IDI.

Haruni hakuwa amerudi kisiwani. Wilbrod alikuwa amefunga duka. Sudi alifika peke yake na boti ya kutoka Nyamisati, akamwambia Umi kwamba Mudrik amebaki Dar akingoja spea. Umi alimpakulia pilau. Alikuwa anapeleka tonge mdomoni, simu ya Umi ikalia.

"Namba ya Kenya," alisema Umi, akaipokea. Alisikiliza. Uso wake ulibadilika taratibu, mwiko ukaning'inia mkononi.

"Uko kituoni? Kituo gani? Nairobi?"

Alisikiliza tena, muda mrefu. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Ni Mudrik. Askari kamwazima simu. Anauliza kama umefika salama. Anasema usiwe na wasiwasi, amewaambia alikuwa peke yake, jina lako hawalijui." Sauti yake ilikatika. "Anasema anajua ulimsubiri mpaka mwisho."

Sudi aliweka chini tonge. Angeweza kukubali kwa kichwa. Kukubali tu, na Umi angempa chai.

"Sikumsubiri," alisema.

"Nini?"

"Nilikuwa na ufunguo mkononi, Umi. Njia ilikuwa wazi. Nikamwacha."

Umi hakupiga kelele. Angepiga, angemsaidia. Alimnyooshea simu, mkono wake umekaza kama fimbo.

"Mwambie mwenyewe."

Sudi aliipokea. Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu, mlango wa chuma, na sauti anayoijua.

"Haloo? Shemeji? Umefika?"

"Mudrik," alisema Sudi. "Nilisikia ulipogonga."