Bisi za Meneja

Kinyozi alikuwa na binti wa miaka saba. Mtaani walimwita Meneja, kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu. Siku moja kinyozi alimwambia mkewe, "Tumfundishe pesa huyu. Samaki mkunje angali mbichi."

Basi Meneja akaanza kuuza bisi mlangoni pa kinyozi. Weee! Kila jioni sinia lilikuwa tupu. Sarafu alizopata alinunulia peremende, yeye na rafiki zake. Baba mtu akatembea kifua mbele.

Lakini mambo hayakueleweka. Mafuta ya kupikia yaliisha mapema. Kodi ya chumba cha kunyolea ilikaribia, na kinyozi akijipapasa mifukoni hakuti kitu.

"Mke wangu, mtoto anauza, sisi tunafilisika. Hesabu gani hii?"

"Hata mimi sielewi. Labda tuongeze bisi?"

Wakaongeza. Mambo yakazidi kuharibika. Kinyozi alichanganyikiwa mpaka akamnyoa jirani yake mwenye duka ndevu za upande mmoja, akamwambia, "Tayari, karibu tena!"

"Tayari nini? Jirani, una nini leo?"

Kinyozi akamweleza yote. Mwenye duka akauliza, "Hizo bisi ananunua nani?"

"Zikibaki, nanunua mimi. Roho inaniuma akilia."

Mkewe alikuwa akifagia nywele. Akashtuka. "Kumbe na wewe? Mimi pia hununua! Tena humpa bibi yake pesa, naye anunue."

"Na mahindi? Mafuta?" mwenye duka akauliza.

"Ya jikoni kwetu."

"Lo! Mnanunua vitu vyenu wenyewe!" Mwenye duka alicheka, nusu ya ndevu zikitikisika. "Mpeni mtaji mara moja tu, yaani pesa ya kuanzia. Anunue mahindi na mafuta mwenyewe. Akiuza, kwanza arudishe mtaji kwenye kopo lake. Inayozidi ndiyo faida, aiweke kwenye kopo la pili. Ale faida, asile mtaji. Na bisi zikibaki, zibaki!"

Kesho yake zilibaki. Meneja alilia kwa kwikwi. Kinyozi akaingiza mkono mfukoni. Mkewe akamshika. "Mwache. Mwanangu, waulize wateja."

Meneja akafuta machozi, akamuuliza mteja mmoja.

"Chumvi, mama! Zinakausha koo."

Akapunguza chumvi. Siku zilizofuata wateja wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Mafuta ya jikoni yakakaa. Kodi ikalipwa kwa wakati.

Jioni moja Meneja alimletea baba yake pakiti ya bisi. "Zawadi, baba."

Kinyozi alifurahi kweli. Kisha akamwona binti anatoa sarafu kwenye kopo la faida, anaitia kwenye kopo la mtaji.

"Sasa unafanya nini?"

"Nalipia mahindi. Wewe umepewa bure, baba, lakini mimi sikupewa bure dukani."

Kinyozi akakaa kwenye kiti cha wateja, akazila bisi zile polepole, asidondoshe hata moja.