Herufi Tatu Kwenye Kibao

Kila asubuhi kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kuosha brashi za shangazi. Shangazi ndiye aliyenilea, naye ni mchoraji wa vibao. Niliziosha kwa tapentaini ndani ya kopo, nikazipanga kwa ukubwa, kisha nikaenda darasani nikinuka kama mlango uliopakwa rangi jana. Wenzangu waliniita Kamusi, maana katika Kiingereza hakuna aliyenipita. Nililipenda jina hilo kupita kiasi, na ndilo lililoniponza.

Shangazi hakusoma Kiingereza. Alinakili herufi zake kwa jicho tu, na kwa miaka kumi na sita hakuwahi kuruka hata nukta. Wiki ile muuguzi mkuu wa zahanati, ambaye sote tunamwita Sista, alimpa kibao kimoja cha majaribio. Kikitoka vizuri, vibao vya milango yote kumi na miwili ya zahanati vingekuwa kazi yake. Shangazi hakuwahi kupata kazi kubwa namna hiyo. Sista alimwandikia maneno ya Kiswahili tu: KILA MGONJWA LAZIMA AWE NA KADI. Chini yake alitaka maneno hayohayo kwa Kiingereza.

"Hayo ni yako, Kamusi wangu," shangazi akaniambia. "Mimi mkono, wewe kichwa."

Niliyaandika darasani wakati wa mapumziko: EVERY PATIENT MUST HAS A CARD. Jirani yangu wa dawati akanyoosha shingo kuangalia. Tulimwita Taratibu, kwa sababu hata kusema "ndiyo" kulimchukua muda.

"Hapo ni have," akasema.

"Mgonjwa ni wangapi?"

"Mmoja."

"Basi. Mmoja ni has. He has, she has."

"Ndiyo, ni has. Lakini must ikitangulia, inarudi kuwa have. Hata can, hata should. Mwalimu alisema has ikikutana na hao inavua koti. Imo kwenye daftari."

Damu ilinichemka. Taratibu, aliyepata alama kumi na moja kati ya hamsini katika mtihani uliopita, anifundishe mimi?

"Kwanza jifunze kumaliza sentensi kabla kengele haijalia," nikamwambia kwa sauti. Darasa zima likacheka. Yeye akainamisha kichwa.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nimefura. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wangu, na kufungua ukurasa mmoja si kazi. Sikulifungua. Niseme kweli: niliogopa kukuta Taratibu yuko sahihi. Nikampa shangazi karatasi ilivyo, naye akapiga mistari kwa uzi wenye chaki, akachora herufi moja baada ya nyingine hadi mgongo ukamuuma.

Jumamosi asubuhi tulikipeleka kibao. Sista alikisoma amesimama kwenye kibaraza, mbele ya benchi lililojaa wagonjwa. Uso wake ukabadilika.

"Must has," akasema. "Nani ameniandikia hii has?"

Mwanafunzi mmoja wa uuguzi akaangua kicheko. Benchi zima likageuka. Shangazi hakuelewa kosa ni lipi, lakini alielewa kicheko. Akanitazama, akingoja niseme.

"Shangazi alinakili vibaya," nikasema. "Mimi niliandika have."

Neno la Taratibu lilinitoka lenyewe, kumbe lilikuwa limekaa kichwani muda wote.

"Fundi asiyeweza kunakili maneno sita nitampaje milango yangu?" Sista akauliza. "Chukua kibao chako, fundi."

Shangazi akajitwika kibao, tukaondoka. Tulipofika nyumbani alikiegemeza ukutani, akatia mkono katika mfuko wa aproni na kutoa karatasi yangu.

"Soma."

Nilisoma kwa sauti ya chini. Has ilikuwa pale pale, kwa mwandiko wangu mzuri.

"Kiingereza sikijui, lakini S naijua," akasema. "Hii ilikuwa mfukoni mwangu tangu tulipotoka nyumbani. Ningeitoa, ungeumbuka mbele ya watu wazima. Nikasema ngoja, mtoto wangu atasema mwenyewe. Ukaniacha nichekwe."

"Nisamehe, shangazi."

"Msamaha huo sina pa kuuweka. Kosa la rangi lina msasa. Kosa la mdomo linafutwa kwa miguu. Rudi ulikolisemea."

Nikarudi, karatasi mkononi. Mwanzoni nilimkasirikia Taratibu, kisha nikakikasirikia Kiingereza chenyewe kwa kuwa na maneno ya kuvua makoti. Nilipofika kwenye kibaraza hakuna aliyebaki wa kukasirikiwa ila mimi. Benchi lilikuwa bado limejaa. Nikamwamkia Sista, nikampa karatasi, nikasema mbele ya wote kwamba has ni yangu na uongo ni wangu.

Sista alinikazia macho. "Kibao chenu juu kimeandikwaje?"

"Kila mgonjwa lazima awe na kadi."

"Mbona haikuandikwa 'lazima ana kadi'?"

Nikafikiri. "Ukisema lazima ana kadi, unabahatisha tu kwamba anayo. Ukimwagiza, unasema awe nayo."

"Kumbe unajua kwamba hata kwetu kitenzi hakiachwi hivihivi baada ya lazima. Jibu lilikuwa linakutazama, nawe umekaa juu ya majivuno." Hakutabasamu. "Jumatatu asubuhi nataka kibao kilichosahihishwa. Na mtu mwingine akikague kwanza."

Hapo ndipo nilipojua ukali wa herufi tatu. Have ina nne, haikuenea palipokuwa na has, hivyo mstari mzima ulibidi utoke. Nilisugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, na shangazi hakuniambia pumzika. Jumapili alichora upya. Mimi nikaenda kumwita Taratibu, nikamwomba radhi mlangoni kwao.

"Nimesikia," akasema. "Lakini bado nina hasira."

Hata hivyo alikuja. Alisoma kibao neno kwa neno, kidole kikifuata herufi, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Jumatatu Sista alikisoma mara mbili, akakitundika, akampa shangazi orodha ya milango kumi na miwili. Shangazi alishukuru kwa heshima. Tulipotoka nje ndipo akanigeukia.

"Kiingereza utakikosea tena, na mimi nitaikosea rangi. Hilo halinikasirishi. Kilichonikasirisha ni kwamba uliambiwa ukweli ukaona bora kazi yangu iharibike kuliko wewe kusahihishwa. Halafu mzigo ukanitwika mimi. Anayejua kweli haogopi kuulizwa, wala haoni haya kusema hapa nimekosa. Kariri hilo kabla ya must na has zako."

"Ndiyo, shangazi."

Akaninyooshea orodha. "Utaandika Kiingereza chake jioni. Na sigusi brashi kabla yule mwenzako hajasoma."

Nikaikunja vizuri, nikaenda kumtafuta Taratibu.